Je, Wajapani Wanaishi Miaka Mingi kwa Sababu Hawastaafu?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila baada ya miezi michache. Unasema Wajapani wanafika miaka mia kwa sababu hawajui kustaafu: mzee wa miaka 85 bado yuko shambani, bibi wa miaka 90 bado anauza samaki, ilhali huku kwetu mtu akifika 60 anapokea kiinua mgongo na baada ya miaka miwili tunamzika. Ujumbe mwingine, mara nyingi katika kundi hilohilo, unasema kinyume chake: kazi inaua, wanaokimbizana na saa wanajimaliza wenyewe, na anayekaa barazani na kikombe chake cha kahawa ndiye atakayewazika wenzake. Watu husambaza zote mbili, na wengi wanaziamini zote mbili.

Swali lililojificha ndani ya jumbe hizo ni zito na linastahili kujibiwa vizuri. Je, namna jamii inavyoichukulia kazi na maisha inaweza kurefusha au kufupisha umri wa watu wake? Inaweza. Lakini mtazamo haurefushi maisha kwa kukaa kichwani. Unafanya kazi pale unapogeuka kuwa saa za kazi, kipato, chumvi kwenye mboga, jirani anayebisha hodi, na kauli ambayo mtu anayo juu ya siku yake mwenyewe. Jamii ikiwa na maneno mazuri kuhusu kazi au kuhusu wazee bila mambo hayo, maneno hayaongezi hata siku moja.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa

Tukisikia kwamba nchi fulani watu "wanaishi miaka 84", takwimu hiyo ni wastani wa umri wa kuishi tangu kuzaliwa. Wastani huu unapotosha wengi. Chukua watoto kumi waliozaliwa kijiji kimoja. Watatu wanafariki kabla ya kutimiza mwaka, saba wanaishi hadi 70. Wastani wao ni miaka 49, ingawa hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na umri huo wala karibu nao. Leta chanjo, maji safi na mkunga mwenye ujuzi ili wale watatu nao wafike 70, na wastani unaruka hadi 70 bila mzee yeyote kuongezewa siku.

Ndiyo maana ni kosa kusema babu zetu walikuwa wakizeeka na kufa wakiwa na miaka 40. Mwaka 2007 watafiti Michael Gurven na Hillard Kaplan walilinganisha takwimu za jamii zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, wakiwamo Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi hapa Tanzania. Waliona kwamba vifo vya utotoni ni vingi sana, lakini kwa waliofikia utu uzima, umri ambao wengi wao hufariki ni karibu miaka 70. Wazee walikuwepo siku zote. Waliokosekana ni wale waliozikwa wakiwa wachanga.

Kwa hiyo nchi mbili zikitofautiana kwa miaka 20 kwenye wastani, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni watoto, uzazi, maambukizi na hospitali. Utamaduni wa kazi na maisha huonekana baadaye, hasa kuanzia miaka ya arobaini, kwenye magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari na upweke.

Japani ileile, umri tofauti

Sasa turudi kwa Wajapani. Katikati ya miaka ya 1930 wastani wa umri wa kuishi nchini humo ulikuwa chini ya miaka 50, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwaka 1947, vita vikiwa vimeisha, ulikuwa miaka 50 kwa wanaume na 54 kwa wanawake. Leo ni takriban 81 na 87. Samaki walikuwepo mwaka 1935. Chai ya kijani ilikuwepo. Heshima kwa wazee na bidii ya kazi vilikuwepo, pengine kuliko sasa. Kama siri ingekuwa utamaduni peke yake, wale wa 1935 nao wangeishi miaka mingi.

Kilichobadilika kinajulikana. Kifua kikuu, kilichokuwa muuaji mkuu wa Wajapani hadi karibu mwaka 1950, kilidhibitiwa. Mwaka 1961 nchi ilikamilisha mpango wa bima ya afya kwa kila mtu. Kisha likaja pambano refu na kiharusi, ugonjwa ulioua Wajapani wengi kwa sababu ya presha, na presha ilitokana kwa sehemu kubwa na chumvi.

Hapa nitasimama kidogo kwenye mkoa wa Nagano, kwa sababu unafundisha mengi kuliko hadithi zote za wazee wa miaka mia. Nagano ni nchi ya milima na baridi kali. Watu walihifadhi mboga kwa chumvi ili ziwafikishe mwisho wa majira ya baridi, na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa kwa chumvi, ilinywewa kila siku. Kiharusi kiliwamaliza. Tangu miaka ya 1940 wanawake wa kujitolea walianza kufanya kazi ya afya vijijini, wakapita nyumba kwa nyumba, wakaonja na kupima chumvi ya supu, wakafundisha majirani zao kupika kwa namna nyingine. Kazi hiyo ilichukua miongo. Mwaka 1990 wanaume wa Nagano walishika nafasi ya kwanza Japani kwa umri wa kuishi. Ni kweli pia kwamba Nagano ina wazee wengi wanaoendelea kulima na kufanya kazi, na bila shaka hilo linawasaidia. Lakini wazee hao wangekuwa wamelala na kiharusi kama wale akina mama wasingepita majumbani. Wahudumu wetu wa afya ya jamii, wanaotembea na madaftari yao kwa posho ndogo, wanafanya kazi ya aina hiyohiyo.

Okinawa ni upande wa pili. Kisiwa hiki ndicho kinachotajwa zaidi kwenye vitabu na video za "siri za kuishi miaka mia". Kizazi cha zamani cha Okinawa kweli kiliishi sana: viazi vitamu, mboga, kazi za mikono, ibada, majirani. Kisiwa kilitawaliwa na Marekani hadi mwaka 1972, na pamoja na kambi za kijeshi vikaja nyama za makopo, vyakula vya haraka na magari. Mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walijikuta nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani. Kufikia 2020 walikuwa wa 43. Ni kisiwa kilekile, chenye ngoma zilezile na heshima ileile kwa wahenga, lakini sahani na miguu vimebadilika, na umri ukafuata.

Na dai la kwamba Wajapani hawastaafu? Si kweli. Makampuni mengi yanaweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60, na sheria inamtaka mwajiri amhakikishie mfanyakazi anayetaka kuendelea ajira hadi 65. Tangu 2021 waajiri wanatakiwa kujitahidi kuifikisha hadi 70. Ni kweli kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea bado anafanya kazi. Lakini wengi kati yao hufanya hivyo kwa sababu pensheni haitoshi, na kazi zenyewe mara nyingi ni za malipo madogo: kufagia, kulinda, kupanga bidhaa dukani. Tukimwona mzee wa Tokyo akiongoza magari usiku karibu na ujenzi wa barabara, tusidhani tunatazama dawa ya uzee. Huenda tunatazama kodi ya nyumba.

Takwimu za wenye miaka mia nazo zinahitaji uangalifu. Mwaka 2010 serikali ya Japani iligundua kwamba kwenye madaftari ya familia yalikuwepo majina zaidi ya 230,000 ya watu wa miaka 100 na zaidi wasiojulikana walipo, wengi wao wakiwa wamefariki zamani bila kufutwa. Hesabu ya taifa ya umri wa kuishi haitegemei madaftari hayo, kwa hiyo Wajapani kweli wanaishi sana. Ila hadithi ya mzee mmoja wa ajabu katika kijiji cha mbali si ushahidi wa jambo lolote.

Sababu ya kuamka asubuhi

Neno ambalo limeenea sana ni ikigai, yaani kile kinachompa mtu hamu ya kuishi. Upande huu una utafiti wa maana. Katika eneo la Ohsaki, kaskazini mwa Japani, zaidi ya watu 43,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 waliulizwa swali moja tu: je, una ikigai maishani mwako? Kisha walifuatiliwa kwa miaka saba. Waliosema hawana walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi ya wenzao kwa takriban nusu, hata baada ya watafiti kuzingatia magonjwa, sigara na mambo mengine. Tofauti ilionekana hasa kwenye magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, si kwenye saratani.

Hata hivyo waliosema hawana ikigai walikuwa pia, mara nyingi zaidi, watu wasio na ajira, wasio na mwenzi, wenye afya mbovu tangu mwanzo. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha haya kwa hesabu, lakini maisha hayagawanyiki kirahisi hivyo. Mtu aliyefukuzwa kazi na kuachwa na mkewe hapungukiwi mawazo chanya. Amepungukiwa kazi na familia. Kumwambia atafute kusudi lake ni kumwongezea mzigo.

Ule mchoro wa duara nne unaosambazwa kama ikigai (unachokipenda, unachokiweza, kinachohitajika na dunia, unacholipwa) haukutoka Japani. Ulichorwa na Mhispania, Andrés Zuzunaga, kuelezea kusudi la maisha, na mwaka 2014 mwanablogu Marc Winn akaweka neno ikigai katikati yake. Sehemu ya malipo inapotosha kabisa. Kwa Wajapani wengi ikigai ni wajukuu, bustani, uimbaji au marafiki, vitu ambavyo hakuna anayekulipa kuvifanya.

Nchi hiyohiyo pia ndiyo iliyolazimika kutunga neno la kifo kinachotokana na kazi, karoshi. Tukio la kwanza kujulikana ni la mwaka 1969, kijana wa miaka 29 aliyefanya kazi katika idara ya usafirishaji ya gazeti kubwa na kufariki kwa kiharusi. Mwaka 2014 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia vifo hivyo, na tangu 2019 sheria nyingine imeweka kikomo cha saa za ziada: 45 kwa mwezi kwa kawaida, na zisifike 100 katika mwezi mmoja hata kukiwa na dharura. Utamaduni uleule wa bidii unaosifiwa kwenye jumbe zetu ndio uliowafanya vijana waone aibu kutoka ofisini kabla ya bosi. Haikutosha kuwaambia watu wabadilishe fikra. Ilibidi sheria iseme saa ngapi.

Hili si la Wajapani tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walifariki kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi kwao ilikuwa juu kwa asilimia 35. Usemi wetu kwamba kazi haijawahi kumuua mtu hauna ukweli.

Bosi na tarishi

Lakini saa pekee hazielezi kila kitu, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanakosea zaidi. Tunadhani anayekufa kwa presha ni mkurugenzi, mwenye simu tatu na maamuzi mazito. Kuanzia mwaka 1967 watafiti jijini London waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali, utafiti unaojulikana kwa jina la Whitehall na kuhusishwa sana na Michael Marmot. Hakuna kati yao aliyekuwa na njaa, hakuna aliyefanya kazi mgodini, wote walikuwa na matibabu ya umma. Hata hivyo walio ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milango, walikuwa wakifariki kwa ugonjwa wa moyo mara tatu hivi ya wakuu wa juu. Na haikuwa wakuu dhidi ya wengine wote: kila ngazi iliwazidi afya walio chini yake. Sigara na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti.

Utafiti wa pili, ulioanza 1985 ukiwa na wanawake pia, ulileta jibu lililokuwa limejificha: kauli. Mtu anayedaiwa mengi kazini lakini hana usemi juu ya namna, muda na mpangilio wa kazi yake, moyo wake unaumia zaidi. Mwili una mfumo wa dharura. Ukikutana na hatari, homoni za adrenalini na kotisoli hupandisha mapigo ya moyo, presha na sukari ili ukimbie au upigane. Hatari ikiisha, mwili hutulia. Ukiwa katika hali isiyoisha na usiyoweza kuibadilisha, mwili hautulii, na mishipa inachakaa kama injini iliyoachwa ikivuma kutwa nzima bila gari kuondoka.

Fikiria dereva wa daladala Dar es Salaam. Anaamka saa kumi alfajiri. Tajiri anataka hesabu yake jioni, iwe mvua, iwe foleni, iwe gari limekamatwa. Mafuta juu yake, faini juu yake, deiwaka anasubiri kituoni kuchukua nafasi akichelewa. Anaonekana mtu huru, hana bosi anayemsimamia, lakini hakuna hata kitu kimoja kikubwa katika siku yake anachokiamua yeye. Ukiyaweka pamoja, saa nyingi na kauli ndogo, una kazi ambayo tafiti zote mbili zinaionya. Kumshauri dereva huyu apunguze msongo wa mawazo hakumfikii. Kinachoweza kumfikia ni mkataba, mshahara usiotegemea hesabu na zamu zenye kikomo.

Watu wanaokuzunguka

Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000. Wenye uhusiano imara na wengine walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi, katika kipindi cha kufuatiliwa, iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50. Mji mdogo wa Roseto, Pennsylvania, wa wahamiaji kutoka Italia, ulishangaza madaktari katika miaka ya 1960: wanaume walivuta sigara, walikula mafuta, walifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, na bado mshtuko wa moyo uliwaua wachache kuliko mji jirani. Familia za vizazi vitatu ziliishi pamoja na kujionyesha utajiri kulichukuliwa kuwa aibu. Kizazi kilichofuata kilijenga nyumba kubwa zenye uzio, na kufikia miaka ya 1970 tofauti ilikuwa imetoweka. Ni mji mmoja tu, mdogo, lakini mwelekeo wake unaafikiana na tafiti kubwa.

Wazee wa Okinawa wana vikundi viitwavyo moai: watu wachache wanaokutana kila mwezi, wanachangishana, mmoja anapokea, na wanashikamana miaka mingi. Mama yeyote anayecheza upatu, au mwanachama yeyote wa chama kule Kenya, ataelewa hapohapo. Fedha ndiyo sababu ya kukutana, na kukutana kunamfanya mgonjwa ajulikane kwamba hajaonekana wiki hii.

Hii inatusaidia na lile dai la kustaafu kunaua. Sheria zetu za utumishi Tanzania zinaruhusu kustaafu kwa hiari miaka 55 na kwa lazima 60. Miongoni mwa wanaoondoka mapema wamo wengi wanaoondoka kwa sababu tayari wanaumwa. Ukiwalinganisha na waliobaki, utaona wastaafu wa mapema wanakufa haraka, na utailaumu barua ya kustaafu badala ya ugonjwa uliotangulia. Kwa aliyekuwa na kazi ngumu isiyo na kauli, kustaafu huwa nafuu kubwa. Kinachoumiza ni kupoteza kipato, wenzake na nafasi yake kwa siku moja, na kusubiri mafao yasiyofika.

Tunawaheshimu wazee?

Kuhusu Wahadza kuna jambo jingine. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walioishi na kufanya utafiti kati yao tangu miaka ya 1980, waliona akina bibi wakichimba mizizi kwa saa nyingi, hata kuliko mabinti zao. Mama akiwa na mtoto mchanga, afya ya watoto wake wakubwa ilifuatana na bidii ya bibi yao. Kutokana na hayo wanasayansi hao walipendekeza kwamba wanadamu tunaishi muda mrefu baada ya uzazi kwa sababu bibi alikuwa na kazi muhimu. Mzee mwenye kazi inayohitajika ni jambo la kale sana katika ardhi yetu.

Lakini tusijidanganye kwamba Waafrika tunawaheshimu wazee na basi. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni walikopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizohizo, na mara nyingi nyuma yake kuna mgogoro wa shamba. Huu nao ni mtazamo wa kitamaduni juu ya uzee, na unafupisha maisha kwa panga. Anayezungumzia utamaduni na umri mrefu Afrika Mashariki bila kuwataja bibi hawa hajalikamilisha somo.

Kinyume chake kimeonekana pia. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au alilima na kuvua maisha yake yote, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Kenya mwaka 2018 ilipanua mpango wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na kuendelea, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizo ni chache mno, na zinapaswa kuongezwa. Hata hivyo zinampa bibi kitu ambacho Whitehall ilionyesha kina uzito kwenye moyo: kuamua mwenyewe, bila kumsubiri mwanawe, kwamba leo ananunua dawa ya presha, mchango wa upatu, au sukari ya wajukuu.